Kaye Tano za Nkambo

Tunapoongea juu ya desturi katika mikutano yetu, mara nyingi tunasema kwamba wazee walihifadhi kila kitu kichwani na kinywani. Ni kweli, lakini si yote. Wazee wetu wa Katanga, wale walioingia kazi ya migodi na kazi ya reli, waliandika pia. Waliandika katika kaye za shule, kwa penseli, kwa kalamu ya wino, na baadaye kwa biki: majina ya watoto, mahari iliyolipwa na ile iliyobaki, siku ya kufa kwa mama fulani, deni la duka. Kaye hizo zilikaa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Na kwa kuwa mchwa hauheshimu karatasi ya mtu yeyote, watoto na wajukuu walizinakili kwa mkono. Hapo ndipo habari yangu inapoanzia.

Nataka kuwaeleza wasomaji jambo lililotupata katika jamaa yetu hapa Lubumbashi, na namna ufundi wa wataalamu wa maandiko ya kale ulivyotusaidia. Majina ya watu sitayataja. Wengine wako hai, na wengine wamekufa bila kunipa ruhusa.

Nkambo wetu, baba ya baba yangu, alifanya kazi Kipushi tangu ujana wake. Kusoma alijifunza kwa wamisionari, miaka miwili tu. Alikuwa na mke wa Kipushi, na kabla yake alikuwa na mke aliyebaki mugini, upande wa Kamina. Katika ukurasa wa kwanza wa kaye yake aliandika watoto wake, kila mmoja mstari wake, bila namba: jina, mwezi na mwaka wa kuzaliwa, mahali, na mama. Chini ya orodha aliandika hesabu. Kila mtoto alipozaliwa alifuta hesabu ya zamani na kuandika mpya. Mtoto wa mwisho, ambaye ni tantini wetu, alizaliwa mwaka 1952, na tangu hapo hesabu haikufutwa tena. Nkambo alikufa mwaka 1983. Tulipofungua sanduku lake baada ya matanga, tulikuta mchwa umetutangulia. Kaye ilikuwa unga.

Hatukulia sana, kwa sababu nakala zilikuwapo.

Mwaka 2016 jamaa walikutana juu ya nyumba ya nkambo katika komini ya Kenya. Wapangaji walikuwa wanalipa vibaya, paa linavuja, na wengi walitaka parseli iuzwe, kila tawi la watoto wake lipate fungu. Baba mudogo, aliyekuwa karani maisha yake yote, ndiye aliyeongoza kikao. Siku hiyo akaingia mtu ambaye wengi wetu hatukumjua, baba wa miaka hamsini na kitu, ametoka Kamina kwa treni pamoja na dada yake. Akasema mama yake alikuwa mtoto wa nkambo, yule wa mke wa mugini, na kwamba alikufa mwaka 1963 yeye akiwa mdogo sana. Akatoa ndani ya mfuko wa plastiki kaye iliyoandikwa kwa penseli, chafu, pembe zimeliwa. Alisema aliinakili mwenyewe mwaka 1971, alipoletwa Kipushi mara moja tu kumsalimu nkambo, naye alikuwa na miaka kumi na moja.

Zikaletwa na nakala nyingine. Baba mudogo alikuwa na yake, imepigwa kwa mashine, safi kabisa. Ndugu yetu wa Likasi alikuwa na yake, ndugu wa Kolwezi yake, na tantini alileta ile aliyonakiliwa na binti yake. Kaye tano juu ya meza. Katika nne, jina la yule mama halikuwapo. Katika moja tu, ile ya penseli, lilikuwapo.

Baba mudogo akasema: «Kaye ine zinataja batoto munane. Kaye moja njo inataja tisa. Sasa njo gani iko na nguvu?»

Ndugu wa Likasi hakuzunguka: «Banaongeza jina yabo juu ya parseli.»

Yule mgeni alijibu polepole, bila kusimama: «Mi sikukuja juu ya feza. Nilikuja juu ya jina ya mama.»

Tantini alipoulizwa alisema kwamba aliwahi kusikia habari ya yaya aliyebaki mugini, lakini hakumwona, na mwaka 1971 yeye alikuwa ameshaolewa Kolwezi. Wakubwa ambao wangejua walikuwa wote makaburini. Hapo watu wakanigeukia mimi. Nimefundisha Latini katika segondere kwa miaka mingi, na jamaa wanadhani mtu anayesoma lugha ya watu waliokufa anaweza kusoma chochote. Tantini akasema: «Weye njo wa mavitabu. Peleka zote kwako, utuambie njo gani ya kweli.» Nikazifunga kaye tano katika kitambaa, nikaenda nazo.

Ndugu msomaji, hapa inanibidi nikuachishe Lubumbashi kidogo nikupeleke Ulaya, maana njia niliyotumia ilitengenezwa kule, na tuliisoma darasani bila kudhani kwamba siku moja itaingia nyumbani.

Vitabu vya Waroma wa kale vyote vilitufikia kwa nakala za mkono. Hakuna hata kimoja tulichonacho kwa mwandiko wa mwandishi mwenyewe. Chukua shairi refu la Lucretius juu ya asili ya vitu, la karne ya kwanza kabla ya Kristo. Nakala kubwa mbili za zamani zilizobaki ni za karne ya tisa baada ya Kristo, na ziko Leiden, Uholanzi. Moja inaitwa Oblongus kwa umbo lake refu, nyingine Quadratus kwa umbo lake la mraba. Kati ya mshairi na nakala hizo kuna miaka zaidi ya mia nane. Baadaye, mwaka 1417, Mwitalia Poggio aligundua nakala nyingine, na kutoka kwake zikazaliwa nyingi za Italia. Sasa mtu atafanya nini akikuta nakala hizi zinabishana? Atazipigia kura?

Mjerumani Karl Lachmann, aliyetoa kitabu hicho upya mwaka 1850, alionyesha kwamba kwanza unapaswa kutafuta ukoo wa nakala zenyewe: ipi ni mama, ipi ni mtoto, zipi ni ndugu. Katika Quadratus kuna vipande vinne vya shairi ambavyo havipo mahali pake, vimewekwa mwishoni. Lachmann aliona kwamba urefu wa vipande hivyo unalingana na jani moja moja la kitabu. Akakata shauri kwamba nakala mama, ambayo hakuna mtu aliyeiona tena, ilikuwa na mistari 26 kwa kila ukurasa, yaani 52 kwa jani, na kwamba majani yake yaling'oka kabla ya mnakili wa Quadratus kufika. Hebu fikiri: mtu anaeleza ukubwa wa kitabu kilichopotea, kwa kutazama makosa ya watoto wake!

Kanuni yenyewe inaweza kusemwa kwa maneno machache. Nakala mbili zikikubaliana katika neno sahihi, hiyo haionyeshi chochote juu ya undugu wao. Kila moja inaweza kuwa imelipata kwa haki. Lakini zikikubaliana katika kosa lile lile, kosa ambalo watu wawili hawawezi kulibuni kila mmoja kwake, basi zimelirithi pahali pamoja. Undugu unaonekana katika kosa, kama vile kwetu unavyomtambua mtoto wa fulani kwa kutembea kwake vibaya kama baba yake. Na ukishajua kwamba nakala kumi zimezaliwa na moja, hizo kumi ni shahidi mmoja. Ndiyo maana wataalamu wanasema mashahidi hupimwa, hawahesabiwi.

Tusidhani kwamba haya ni ya Waroma tu. Maisha ya Tippu Tip, aliyetawala biashara ya pembe na watumwa hadi Kasongo na Nyangwe kwetu Maniema, yaliandikwa na yeye mwenyewe kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode aliyageuza katika herufi za Kilatini na kuyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Baadaye Whiteley akayatoa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1958 na 1959, na padri François Bontinck akayatoa kwa Kifaransa mwaka 1974. Mwanafunzi anayepanga vitabu hivyo vitatu mezani anaweza kusema ana mashahidi watatu. Hapana. Vyote vinapita katika mlango mmoja, ule wa Brode. Brode akikosea herufi moja ya jina la kijiji, wote wamekosea.

Basi nilipofika nyumbani nilipanga kaye tano juu ya meza ya kulia, nikawaomba watoto wale chakula chao uani. Kazi ilichukua usiku tatu. Nilichukua karatasi kubwa, nikagawa nguzo tano, nikaandika mstari kwa mstari kila tofauti, hata ya nukta.

Kaye ya penseli ilinitesa. Yule mtoto wa miaka kumi na moja aliunganisha maneno ambayo hayana haki ya kuungana, akakata mengine katikati, akachanganya «l» na «r». Nikakumbuka habari ya kitabu kingine cha kwetu, ile historia ya mji wa Elisabethville iliyoandikwa mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya waliokuwa maboi wa wazungu. Johannes Fabian alipotaka kukitoa, mwaka 1990, ilibidi Kalundi Mango wa hapa Lubumbashi akisome kwa sauti, maana kwa macho peke yake maneno hayakuachana. Nami nikasoma kaye ya penseli kwa sauti, peke yangu, saa tano ya usiku, na mke wangu akauliza kutoka chumbani naongea na nani. Ilipopita kinywani, karibu yote ikaeleweka. Makosa yalikuwa ya mkono. Maneno yenyewe yalikuwa ya nkambo.

Nikaanza na tarehe. Mtoto wa pili alizaliwa mwaka 1935. Mtoto wa tatu, kaye ya penseli inasema 1937. Kaye ya Likasi, ya tantini na ile ya mashine zinasema 1931. Lakini mtoto wa tatu hawezi kuzaliwa kabla ya wa pili. Basi 1931 ni kosa, na sababu yake inaonekana. Wazee waliosomeshwa kwa mtindo wa Wabelgiji waliandika 1 kwa mkia mrefu wa mbele, na 7 kwa kistari katikati. Kistari kikififia, saba inageuka moja. Kosa hili mtu yeyote anaweza kulifanya, lakini nakala tatu kulifanya kwa pamoja si bahati. Na katika kaye ya Kolwezi? Palikuwa na 1937, ila nilipoiweka karibu na taa niliona saba imeandikwa juu ya moja, kwa biki ya rangi nyingine. Yule mtoto wa tatu ndiye baba ya ndugu yetu wa Kolwezi. Alisahihisha tarehe ya baba yake, basi, na mengine aliyaacha vilevile. Kwa hiyo na yeye yumo katika kundi.

Kaye ya penseli ina makosa yake yenyewe. Imeruka mwaka wa kuzaliwa wa mtoto wa saba, na zile nne zinao. Kwa hiyo zile nne hazikutoka kwake, naye hakutoka kwao. Matawi yakawa mawili: upande mmoja penseli peke yake, upande mwingine nne zilizozaliwa na mama mmoja. Kaye nne za baba mudogo zikawa moja. Haikuwa tena nne kwa moja. Ilikuwa moja kwa moja.

Hapo niliogopa kidogo. Nilikumbuka onyo la Mfaransa Joseph Bédier, ambaye mwaka 1928 aliwaambia wataalamu wenzake kwamba karibu miti yote ya ukoo wanayoichora ina matawi mawili tu. Alishuku kwamba mtaalamu mwenyewe, bila kujua, anaufikisha mti kwenye matawi mawili ili abaki huru kuchagua anachokipenda. Na mimi mti wangu una matawi mawili. Je, si kwa sababu yule mtu wa Kamina alinigusa moyo, na ndugu wa Likasi aliniudhi? Nikazima taa, nikaamua kesho yake nitafute ushahidi ambao hautegemei mapenzi yangu, na ikiwezekana niupate katika kinywa cha wale wanaokataa.

Usiku wa tatu niliupata, na ulikuwa mbele ya macho yetu wote tangu siku ya kikao. Chini ya orodha, kaye ya Likasi imeandika: «Batoto bote 9». Ya Kolwezi: «Batoto bote 9». Ya tantini: «Batoto bote 9». Nikahesabu majina yaliyo juu. Munane. Nikahesabu tena kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Munane. Kaye tatu zinazomkana yule mama zilikuwa zinamhesabu. Ile ya mashine peke yake iliandika 8.

Sasa swali si tena nani ameongeza. Swali ni nani ameruka, na kwa nini. Jibu lilikuwa katika kaye ya penseli. Mstari wa mtoto wa nne, aliyekufa angali mdogo, unamalizika hivi: «mugini, kwa mama wa mugini». Mstari wa mtoto wa tano, yule mama, unamalizika vilevile: «mugini, kwa mama wa mugini». Hao wawili tu walizaliwa kule. Wengine wote ni wa Kipushi. Mnakili alimaliza mstari wa nne, akainua kichwa kuandika, macho yake yaliporudi kwenye kaye yakaangukia maneno yale yale mstari mmoja chini, akaendelea na mtoto wa sita. Wataalamu wanalijua kosa hili sana. Limekula mistari ya Biblia, ya washairi na ya sheria. Hapakuwa na uchoyo, hapakuwa na fitina ya mabibi. Lilikuwa jicho tu.

Nilifurahi. Nilijaza chai, nikaanza kuandika ripoti. Ilikuwa imebaki nguzo moja ambayo sikuwa nimeitilia maanani, ya miezi. Kaye ya penseli inaandika mwezi wa pili, mwezi wa tano, mwezi wa kumi, kama wazee walivyosema. Zile nne zinaandika fevrie, me, oktobre. Kwa hiyo mnakili wa kaye mama, yule aliyeruka mstari, aligeuza miezi kwa Kifaransa. Nani angefanya vile? Si karani, karani angeandika tarakimu. Ni mtu aliyekuwa ametoka kujifunza miezi kwa Kifaransa na anataka ionekane.

Nikaweka kikombe chini.

Mwaka 1978 nilikuwa na miaka kumi na moja. Mwalimu alikuwa ametukaririsha miezi kumi na miwili, na mwandiko wangu ulisifiwa mbele ya darasa. Likizo hiyo nkambo aliniita, akafungua sanduku, akasema kaye inaanza kuoza, niinakili. Alininunulia kaye mpya na biki mbili, ya bluu na nyekundu. Niliandika siku mbili, ulimi nje. Niligeuza miezi kwa Kifaransa bila kumwuliza. Nkambo, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, aliifungua, akapitisha mkono juu ya ukurasa, akasema: «Mwandiko ya muzuri.» Kaye ile ilikaa kwa baba yangu, na kila aliyetaka nakala alipelekwa kwake, kwa sababu ilisomeka kuliko ya mzee. Baada ya baba kufa ilipotea, nami nikaisahau. Ndiyo hiyo kaye mama. Yule mama wa Kamina, mimi ndiye niliyemruka.

Sikulala vizuri. Nilifikiri ningeweza kusema tu «mnakili fulani». Hakuna mtu angejua.

Kwenye kikao cha pili nilipanga kaye tano tena mezani, nikawaeleza mambo yote kama nilivyowaeleza ninyi, bila Waroma. Kwanza niliwaomba ndugu wa Likasi na wa Kolwezi, na binti ya tantini, wahesabu kila mmoja majina katika kaye yake, kisha wasome namba ya chini. Kukawa na kimya. Halafu nikasema habari ya miezi, na nikasema ni mkono wangu.

Baba mudogo aliomba kaye yake ya mashine. Akaiangalia muda mrefu, akavua miwani. Akasema kwamba alipokuwa anapiga mashine aliona namba tisa na majina munane, akadhani ni kosa la mtoto, akasahihisha. Kisha akaniambia neno ambalo sijalisahau: «Weye uliruka mustari. Mi njo nilifunga mulango.»

Nilikuwa nimesoma kwamba mnakili mwerevu ana hatari kuliko mnakili mjinga. Mjinga anaacha kosa wazi, kama jeraha, na mwenye macho ataliona. Mwerevu analifunika. Lakini kusikia mzee akilisema juu yake mwenyewe, mbele ya watu, ni kitu kingine.

Yule mtu wa Kamina hakushangilia. Aliniomba nisome mstari wa mama yake kwa sauti. Nikausoma: jina, mwezi wa pili mwaka 1941, mugini, kwa mama wa mugini. Akaomba niusome tena. Tantini akahesabu kwa vidole, akasema: «Basi ni yaya yangu kwa miaka kumi na moja,» akamwita yule mtu na dada yake wakae karibu naye.

Si wote waliokubali siku hiyo. Ndugu wa Likasi aliondoka akisema: «Latini haizale mutoto.» Ana haki: karatasi haizai mtu, na kaye ya nkambo nayo ingeweza kuwa na makosa yake, maana mzee pia alikuwa na jicho. Kurudisha andiko la kwanza si sawa na kujua kila kilichotendeka. Ni kurudisha yale aliyoyasema aliyeandika. Lakini nkambo aliandika tisa, na aliandika majina tisa. Hilo nililithibitisha. Baada ya miezi minne ndugu yule alinitumia ujumbe wa simu, maneno mawili: «Minahesabu. Munane.» Nyumba ilipouzwa mwaka uliofuata, tawi la Kamina lilipata fungu lake kama mengine.

Kaye ya penseli, ambayo siku ya kwanza mmoja wetu alitaka itupwe kwa uchafu wake, ndiyo iliyotuponyesha. Na zile nne hatukuzichoma pia, ingawa wengine walitaka tutengeneze moja mpya na kuharibu zilizobaki ili pasiwe tena na ubishi. Nilikataa. Bila makosa yao nisingejua lolote. Zote tano ziko sasa kwa tantini, ndani ya sanduku la bati, pamoja na dawa ya mchwa.

Nawaomba basi wasomaji wa kijitabu hiki, kila mmoja aangalie kwao. Kama kuna kaye ya mzee, ipigeni picha kwa simu kabla ya mvua, ukurasa kwa ukurasa, hata ule ulio mtupu. Mkiinakili, andikeni juu jina la anayenakili, siku, na kaye gani aliyonakili. Sisi hatukufanya hivyo, na ilinigharimu usiku tatu. Mkiona kosa, msilisahihishe ndani ya mstari. Liacheni, andikeni pembeni mnavyofikiri. Nakala mbaya msiitupe. Na mwandiko mzuri msiuamini kwa uzuri wake.

Mwishoni jamaa waliniomba niandike kaye mpya, ya sita. Nilitaka kukataa, lakini tantini alisema aliyevunja chungu ndiye achote maji. Niliandika miezi kama nkambo alivyoiandika. Juu niliweka jina langu, siku, na kaye tano nilizotumia. Nilipofika mtoto wa nne niliweka kidole juu ya mstari, na sikukiondoa mpaka nimemaliza wa tano. Kisha nikaandika chini: «Batoto bote 9», na kabla ya kufunga kaye nilimpa yule ndugu wa Kamina ahesabu.